Karafuu, rehani na daftari la dukani: historia ya madeni ya Wazanzibari

Mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ilizuia mashamba ya Waarabu na Waafrika kunadiwa kwa sababu ya madeni. Makala yetu ya historia wiki hii inaangalia madeni hayo yalianza vipi, yaliingiaje katika maisha ya nyumbani, na kulitokea nini wakopeshaji walipoyafunga madaftari yao.

Msikilizaji, kama umewahi kuwapo Pemba wakati wa mavuno ya karafuu, utakumbuka kwamba fedha hutoka kabla ya fedha kuingia. Karafuu ni tumba la ua. Ni lazima lichumwe kabla halijafunguka, na likishafunguka halina tena thamani sokoni. Muda wa kungoja haupo. Mwenye shamba hutafuta watu wa kupanda mikarafuu, na hao huwalipa kwa pishi, kila mmoja kwa kadiri alivyochuma siku ile. Wachumaji hawa zamani walivuka bahari kutoka Unguja, wengine Makunduchi, wengine Tumbatu, na walipofika walitaka kula. Kisha karafuu zichambuliwe kutoka katika makonyo yake, zianikwe juani juu ya majamvi siku kadhaa, na mvua ikinyesha ziingizwe ndani mbio. Hayo yote yakiisha ndipo zinapopimwa kwa frasila na kuuzwa.

Mbali na hayo, mkarafuu ni mti wenye tabia zake. Mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakaelemewa, na mwaka wa pili ukazaa kidogo sana. Mwenye shamba, kwa hiyo, hana mshahara anaoweza kuukadiria. Ana mwaka wa neema, na ana mwaka wa kungoja, na katika mwaka wa kungoja watoto hula vilevile na binti huposwa vilevile.

Fedha za kuvukia mwaka huo zilitoka dukani. Katika miji midogo ya Pemba kama Wete na Chake Chake, na hata ndani huko mashambani, mwenye duka alikuwa mara nyingi Mhindi ambaye aliuza mchele, nguo na mafuta ya taa, akanunua karafuu na nazi, na akakopesha. Mteja alichukua, jina likaandikwa daftarini, hesabu ikangoja mavuno. Daftari lenyewe kwa kawaida liliandikwa kwa Kigujarati, lugha ambayo mdaiwa, hata akiwa msomi wa herufi za Kiarabu, hakuweza kuisoma.

Je, mkopo huo ulimsaidia mwenye shamba au ulimwangamiza? Wakuu wa kikoloni walioandika ripoti juu ya jambo hili walielekea upande wa pili, na mara nyingi walimlaumu mkopaji mwenyewe: hajui hesabu, anapenda makuu, anakopa kwa ajili ya harusi na hitima. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Bila mkopo wa dukani karafuu nyingi zingechanua mtini. Lakini ni mkopo huohuo uliomnyang'anya mwenye shamba kitu kimoja ambacho hakionekani katika hesabu yoyote, nacho ni uwezo wa kuchagua lini auze. Aliye na deni la kulipa mwezi wa mavuno huuza mwezi wa mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Wengine waliuza karafuu zikiwa bado mtini, kwa bei aliyoitaja mnunuzi.

Deni la Sultani na deni la msafara

Ukopaji huu haukuanza na wakulima wadogo. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake kutoka Oman kuja Zanzibar katika karne ya 19 na kuhimiza upandaji wa mikarafuu, aliikodisha forodha yake kwa wafanyabiashara. Mkodishaji alimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, naye akakusanya ushuru wa bandari. Nyumba iliyoshika kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi ilikuwa ya Jairam Shewji, Mhindi wa kabila la Bhatia kutoka Kutch, na haukupita muda Sultani mwenyewe akawa mdaiwa wake. Warithi wa Seyyid Said waliirithi pia hesabu hiyo.

Biashara ya bara ilikwenda kwa njia hiyohiyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa akichukua bidhaa na mtaji kutoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kikhoja wa Zanzibar, na kulipa kwa pembe za ndovu aliporudi. Misafara hiyo ilifanya pia biashara ya watu, na fedha za mkopo ziliingia humo. Tusilisahau jambo hilo tunapolitazama jumba la fahari lililobaki Mji Mkongwe.

Nyuma ya tajiri wa mjini kulikuwa na nyumba za Bombay zilizomkopesha yeye. Mwenye duka la Pemba alikopa kwa tajiri wa mjini, mwenye shamba akakopa kwa mwenye duka, na mchumaji akachukua chake mbele kwa mwenye shamba. Ulikuwa mnyororo mmoja mrefu. Ukivutwa upande wa Bombay, kengele ililia Wete. Kwa sababu hiyo sioni haki kumfanya mwenye duka kuwa shetani wa hadithi hii. Naye alikuwa na daftari lililokuwa na jina lake, katika duka la mtu mwingine.

Mambo matatu ya karne ya 19 yaliamua sura ya madeni ya mashamba. La kwanza ni sheria ya Kiingereza. Kuanzia mwaka 1860 Balozi wa Kiingereza, Kanali Christopher Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao. Shamba la karafuu wakati huo lililimwa na watumwa, hivyo mkopeshaji wa Kihindi hakuwa na faida kubwa ya kulichukua shamba la mdaiwa wake. Afadhali alimwacha mdaiwa juu ya ardhi, aendelee kuchuma, naye apokee mazao. La pili ni kimbunga cha Aprili 1872. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu mpya huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vya kutosha, na miaka hiyo yote deni la zamani halikulala. La tatu ni dikrii ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Tangu hapo wachumaji na walimaji walipaswa kulipwa fedha taslimu, na mwenye shamba asiyekuwa nazo akarudi tena dukani.

Hiari ambayo haikuwa hiari

Dini ya Kiislamu inakataza riba, na wenye mashamba karibu wote walikuwa Waislamu. Mkataba wa mkopo ulihitaji kuvalishwa vazi jingine. Vazi hilo liliitwa bei ya khiyari, yaani mauzo yenye haki ya kukomboa. Ni neno lilelile la Kiarabu lililotupatia Kiswahili chetu cha "hiari".

Tuchukue mfano wa kubuni, ili kazi yake ieleweke. Mtu anahitaji rupia 700. Karatasini anaandika kwamba ameliuza shamba lake kwa rupia 1,000, na kwamba ana hiari ya kulinunua tena kwa bei hiyo ndani ya muda fulani. Kisha analikodi shamba hilohilo kutoka kwa "mnunuzi" na kulipa kodi kila mwezi. Kodi ndiyo riba, ila haitajwi. Zile rupia 300 ambazo hakuzishika mkononi ni riba pia, nazo hazitajwi. Muda ukipita bila ya kulipa, hakuna haja ya kumwambia mtu kwamba shamba lake linachukuliwa. Kwa mujibu wa karatasi aliliuza zamani.

Ukitazama kwa jicho la sheria, kila kitu kimeandikwa na kila saini ipo. Ukitazama kwa jicho la nyumba, mambo ni mengine. Baba amelala na kuamka miaka kumi katika shamba aliloambiwa na babu yake kuwa ni lake, mama amepanda mihogo chini ya mikarafuu hiyo, na wote wawili hawana hakika kama wao ni wenyeji au wapangaji. Nadhani hapa ndipo palipokuwa na maumivu makubwa kuliko kiwango cha riba. Mtu anaweza kustahimili deni kubwa analolijua mwanzo na mwisho wake. Deni lisilo na mwisho, hata likiwa dogo, hukaa na mtu mezani kila siku.

Wadaiwa wenyewe hawakuwa wote mabwana wenye mashamba makubwa, ingawa picha hiyo ndiyo iliyozoeleka maofisini. Pemba hasa ilikuwa na Waswahili wengi wenye mikarafuu michache, makumi tu, walioipanda wenyewe au kuirithi. Kwao rehani ya miti ishirini ilikuwa ni rehani ya kila kitu.

Nao ubadhirifu uliolaumiwa? Ulikuwapo. Harusi zilikuwa kubwa, na aibu ya kuonekana umefilisika ilisukuma watu wakope zaidi ili wasionekane wamefilisika. Lakini serikali iliyowakemea wakulima kwa israfu ilijitwalia yenyewe ushuru wa karafuu, ambao kwa miaka mingi ulifikia asilimia 25. Robo ya zao iliondoka kabla mwenye shamba hajalipa mchumaji wala mwenye duka. Ripoti zilizojaa habari za harusi za Waarabu zingeweza kutenga ukurasa mmoja kwa habari hiyo.

Mwaka wa amri

Baada ya mtikisiko wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, bei ya karafuu ilianguka. Visiwa hivi viwili, vilivyokuwa na watu takriban 235,000 katika hesabu ya mwaka 1931, vilitoa sehemu kubwa mno ya karafuu zote za dunia, lakini havikuwa na nguvu ya kupanga bei. Mwenye deni la rupia 1,000 lililolingana na frasila kadhaa mwaka mmoja, alijikuta mwaka mwingine anadaiwa frasila mara mbili au zaidi kwa rupia zilezile. Wadai, nao wakibanwa na wadai wao, wakaanza kwenda mahakamani. Tangu utumwa ulipoondoka, kile kizuizi cha zamani cha kulichukua shamba kilikuwa kimeondoka pia.

Serikali ya Balozi Mkaazi wa Kiingereza, Sir Richard Rankine, wakati wa utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, iliwapa maofisa wawili, C. A. Bartlett na J. S. Last, kazi ya kuchunguza madeni ya wakulima. Ripoti yao ya mwaka 1933 ilionyesha jinsi rehani zilivyoenea. Mwaka 1934 zikatoka dikrii kadhaa kwa mpigo. Moja ilizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuuzwa kwa mtu asiyekuwa Mwarabu wala Mwafrika bila ya idhini ya Balozi Mkaazi, na kusimamisha kwa muda unadishaji wa mashamba kwa ajili ya madeni. Nyingine iliwabana wakopeshaji wa fedha. Nyingine iliongeza mamlaka ya Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa mwaka 1927 na kujulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, CGA.

Siku dikrii ilipotoka, mwenye shamba aliyekuwa anangoja mnada alipumua. Haikuwa faraja ndogo, wala haifai kuidharau. Hata hivyo, mavuno yaliyofuata yalipokaribia alikwenda dukani kama alivyozoea na akakuta mambo yamebadilika. Mkopeshaji asiyeweza kuikamata dhamana hana sababu ya kukopesha. Chama cha CGA kilijaribu kujaza pengo hilo kwa mikopo ya kuchumia, lakini ofisi haikujua nani ni mkweli na nani ana mgonjwa nyumbani, mambo ambayo mwenye duka aliyajua. Watu waliolindwa dhidi ya deni la zamani wakakosa deni jipya walilolihitaji ili karafuu zishuke mtini.

Tatizo jingine la amri hizo lilikuwa la ndani zaidi. Serikali iliweka mpaka wa rangi. Haikuuliza ni mkopo gani wa haki na upi wa dhuluma. Iliuliza mkopeshaji ni wa kabila gani. Mhindi aliyezaliwa Pemba, na baba yake kabla yake, akawa mgeni mbele ya sheria, na Mwarabu tajiri aliyemkopesha jirani yake maskini na kulitamani shamba lake hakuguswa na kizuizi hicho. Serikali ya India ilimtuma afisa wake, K. P. S. Menon, kuja kuchunguza mwaka huohuo wa 1934, naye aliukosoa mpango huo kwa jinsi ulivyowaathiri Wahindi.

Mgomo

Mwaka 1936 mtaalamu aliyeitwa B. H. Binder alipendekeza biashara ya karafuu iwe chini ya udhibiti mkubwa zaidi wa CGA, na mwaka 1937 ikatungwa sheria ya kulitekeleza hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar wakaacha kununua karafuu. Chama cha Congress cha India kikawaunga mkono, na huko Bombay watu wakahimizwa wasizinunue karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa, hivyo pigo lilikuwa zito. CGA ikabaki na magunia yake ghalani.

Nimekuwa nikijiuliza mara nyingi mchumaji wa Tumbatu aliuelewaje mgomo ule. Yeye hakuwa na shamba la kuwekwa rehani wala duka la kufungwa. Lakini pishi zake zililipwa kutokana na fedha za mnyororo uleule, na mnyororo ulikuwa umekatika katikati.

Mapatano yalifikiwa Mei 1938, chini ya Balozi Mkaazi mpya, John Hathorn Hall. Wafanyabiashara walirudishiwa nafasi yao ya kusafirisha karafuu, kwa sharti la kununua sehemu ya bidhaa zao kutoka CGA. Mwaka huohuo ilitoka dikrii ya kuamua madeni ya ardhi, iliyoweka utaratibu wa kuyachunguza na kuyamaliza, na mwaka 1939 ikafuata dikrii nyingine iliyoendeleza vizuizi vya uuzaji wa ardhi. Kwa maoni yangu, hatua ya mwaka 1938 ilistahili kutangulia. Mdaiwa alihitaji mtu wa kukaa naye na karatasi zake, kumwambia kiasi gani alipokea kweli, kiasi gani amekwisha kulipa, na lini deni litakwisha. Hilo lilichelewa miaka minne, na katika miaka hiyo watu waliokuwa wakiuziana mchele kwa mkopo walijifunza kuitana kwa majina ya makabila yao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mahitaji ya Indonesia, ambako karafuu husagwa na kutiwa katika sigara za kretek, yaliinua soko, na mashamba mengi yakapata nafuu ambayo hakuna dikrii iliyoweza kuileta. Kumbukumbu ya rehani haikufutika pamoja na rehani. Katika siasa za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, maneno kama mwenye shamba, mwenye duka na mchumaji yalitamkwa kana kwamba ni makabila matatu, na nusu ya uchungu wake ulitoka katika madaftari ya zamani.

Wengi wetu tunaosikilizana katika idhaa hii kutoka Muscat, London au Minnesota tunazo rehani zetu za nyumba na kadi zetu za benki, na nyumbani Afrika Mashariki mkopo sasa hufika kwenye simu. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, na tozo hiyo haikuitwa riba, iliitwa ada. Ukiizidisha kwa miezi 12 inafika asilimia 90 kwa mwaka. Mwandishi wa hati za khiyari angeuelewa utaratibu huo bila ya kufundishwa, ingawa angeshangaa kuona kwamba mkopaji wa leo anaweza angalau kulisoma daftari lenyewe.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliyafagia mashamba makubwa pamoja na wenyewe. Ardhi ikawa ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 familia zikagawiwa eka tatu tatu zenye mikarafuu juu yake. CGA ikaondoka, na ununuzi wa karafuu ukawa wa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Ardhi ya eka tatu haikuruhusiwa kuuzwa, na kwa hiyo haikuweza kuwa dhamana ya mkopo kwa njia ya halali. Mkarafuu wenyewe haukubadilika. Tumba likiiva linataka kuchumwa wiki ileile, na mwenye eka tatu anahitaji fedha za wachumaji kabla ya kituo cha ununuzi kumlipa yeye. Wapo wanaokodisha miti yao kabla ya msimu kwa mtu mwenye fedha taslimu, kisha wakasimama chini yake wakihesabu pishi za mtu mwingine.